Karatasi ya ruhusa imeandikwa 15/15, mbona mdogo wangu bado hajawa yeye?

Dada_wa_Mwaloni

Wakuu habari za jioni, naomba msaada hasa kwa nyie mnaofanya kazi hospitali au mliowahi kuuguza mtu aliyeumia kichwa.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 27. Mwezi wa pili alikua kapakiwa kwenye boda anatoka Kisesa anarudi mjini, walipofika karibu na Igoma wakavaana na gari dogo lililokua linaovateki, dereva wa boda akavunjika mguu ila mdogo wangu yeye aliangukia kichwa na hakua na helmeti. Hospitali ya kwanza waliandika kwenye rufaa GCS 7/15 (wanasema ni kipimo cha fahamu), tulipofika kwenye hospitali kubwa wakampiga sitiskani, ile picha ya ndani ya kichwa, wakakuta damu imevilia upande wa kulia karibu na paji la uso, akafanyiwa opresheni usiku uleule. Siku 11 ICU halafu wodini, jumla tulikaa siku 34. Siku ya ruhusa daktari akaandika GCS 15/15, akatuambia mshukuruni Mungu, mama alipiga vigelegele palepale koridoni.

Sasa huu ni mwezi wa tano tangu ajali. Anatembea, anakula, anaoga mwenyewe, jirani akija anasema huyu kapona kabisa. Lakini mimi nauza nae dagaa pale Mwaloni Kirumba tangu 2019, namjua. Yeye ndo alikua mtu wa hesabu, ukimtajia sado (ndoo ndogo ya kupimia) na bei anakupa jibu hujamaliza kuongea. Wiki iliyopita mteja kachukua sado 3 za elfu 6 akatoa elfu 20, mdogo wangu akazishika zile hela akaziangalia muda mrefu, midomo inachezacheza kama anahesabu, mwisho akamrudishia yule mama elfu 20 yote pamoja na dagaa. Yule mama alikua muungwana akazirudisha. Mimi niligeuka nikajifanya napanga magunia maana machozi yalikua yananitoka.

Nyumbani anabandika maji ya chai anatoka nje anasahau, sufuria mbili zimeshaungua. Kelele kidogo anafoka, yeye ambae alikua hagombani hata na kuku. Ukimuuliza unajisikiaje jibu ni moja, niko sawa. Mama anasema amepona maana anakula, mjomba anasema kawa mvivu anadekezwa, na kliniki tukienda anaulizwa jina lako nani, hapa ni wapi, leo siku gani, finya vidole vyangu, anajibu vyote, tunaandikiwa anaendelea vizuri turudi baada ya miezi miwili.

Swali langu ni hili, mtu aliyeumia ubongo anapimwaje kwamba anapona? Kuna kipimo cha kuonyesha anasogea mbele au amekwama hapohapo? Maana hiyo 15/15 mimi siielewi tena.

Nesi_zamu_ya_usiku

Dada pole sana, pole na mama pia. Nimefanya wodi ya upasuaji miaka 9 na swali lako nimeulizwa na ndugu wengi mlangoni siku ya ruhusa, na nakiri hua tunawajibu haraharaka kwa sababu kitanda kinasubiriwa.

Hiyo GCS nikueleze ilivyo. Inaangalia vitu vitatu tu, macho yana alama 1 mpaka 4, maneno 1 mpaka 5, na mwili unavyoitikia 1 mpaka 6, unajumlisha. Chini kabisa ni 3, hakuna sifuri, juu kabisa ni 15. Kuanzia 8 kushuka tunaita jeraha zito, 9 hadi 12 la kati, 13 hadi 15 jepesi. Mdogo wako kuwa na 7 kwa mfano ni hafumbui macho hata ukimminya, anatoa sauti ya kuguna bila neno, na ukimminya anavuta mkono kukwepa, yaani 1 na 2 na 4. Kama una ile rufaa angalia, mara nyingi tunaandika kila kipande peke yake.

Kilitungwa 1974 kule Glasgow Uskoti na madaktari wawili, Graham Teasdale na Bryan Jennett, na kazi yake ni ileile mpaka leo, mimi wa usiku na daktari wa asubuhi tuongee lugha moja kuhusu mgonjwa ambae fahamu zake zinapanda na kushuka. Nikikuta mgonjwa saa nne alikua 13 na saa sita ni 11 mimi sisubiri kuche, namuamsha daktari. Hapo ndipo kinaokoa watu. Lakini ile 5 ya maneno unaipata kwa kujua jina, mahali na tarehe basi, na ile 6 ya mwili unaipata kwa kutii amri kama finya mkono. Hakuna mahali kinauliza anaweza kurudisha chenji, au anaweza kukaa na hasira yake. Kikishafika 15 kimefika mwisho wake, hakina 16. Kwaiyo karatasi haijadanganya na wewe pia hukosei.

Halafu umesema damu ilikua mbele, karibu na paji. Sehemu hiyo ya ubongo ndo inapanga mambo, inaanzisha kazi na kuimaliza, inashika breki za hasira. Kuacha sufuria, kufoka, kukaa tu bila kuanzisha jambo, vyote vinaingia hapo. Mwambie mjomba kwa heshima kwamba huo sio uvivu.

Ila na hili nalisema kwa msisitizo, akianza kuumwa kichwa kunakozidi siku hadi siku, kutapika tapika, usingizi usio wa kawaida, degedege, upande mmoja wa mwili kulegea, mnamrudisha hospitali siku hiyohiyo msingoje kliniki. Damu inaweza kujikusanya taratibu tena hata baada ya wiki nyingi.

Fundi_mashine_Ukerewe

Mimi nimeumia kichwa mwaka 2017, nlikua natengeneza mashine za mitumbwi Nansio, mnyororo wa kunyanyulia injini ukakatika. Wacha nikwambie kutoka ndani maana wengi wanaoandika hapa wanaangalia kutoka nje.

Sikumbuki wiki tatu nzima. Mke wangu anasema nilikua naongea, natania, nauliza habari za watoto, ila mimi kwangu ni giza tupu, kitu cha kwanza ninachokikumbuka ni harufu ya maji ya dawa wakideki na mtu wa kitanda cha jirani anasoma rozari kwa sauti. Kuanzia hapo siku zikaanza kushikana. Watu walikua wanasema niliamka siku ya sita, mimi nasema niliamka siku ile ya rozari.

Na hiyo niko sawa anayosema mdogo wako nami nilikua naisema. Sikua nadanganya. Kwa kweli nlikua naona niko sawa na watu ndo wamebadilika, wote wamekua wasumbufu, wanarudia rudia maneno, wanaongea wengi kwa wakati mmoja. Ilinichukua karibu mwaka kujua kwamba ni mimi. Siku niliyojua nililia sana, na nilianza kupona vizuri baada ya hapo kwa sababu ndo nikaanza kuandika mambo kwenye karatasi.

Kitu ambacho hakuna mtu alinipima ni kuchoka. Sio kuchoka kwa kubeba mzigo, ni kuchoka kwa kusikiliza. Nikikaa kwenye kikao cha ukoo nusu saa kichwa kinajaa kama chungu kilichofunikwa, nikiongezewa neno moja nafoka. Soko la Mwaloni kwa mtu aliyeumia kichwa ni kubwa mno, makelele ya wapakiaji, magari, kila mtu anaita bei. Mjaribu asubuhi mapema kabla halijachangamka, umuone.

Usimpime mbele za watu. Shemeji yangu alikua ananiuliza hesabu za darasa la tatu mbele ya wageni, aonyeshe navyoendelea. Niliacha kutoka chumbani.

Tiba_kazi_Nyegezi

Mimi ni mtaalamu wa tiba kazi, yaani tunamsaidia mgonjwa arudie shughuli zake za kila siku, nimefanya Dar kabla ya kurudi nyumbani Mwanza. Nesi ameeleza vizuri, naomba niendelee pale alipoishia kwa sababu kipimo unachokitafuta dada kipo, tena kimeanzia kwa daktari huyohuyo Jennett. Mwaka mmoja tu baada ya GCS, 1975, yeye na mwenzake Michael Bond walitoa kingine kinachouliza mtu ameishia wapi kimaisha. Kilikua na ngazi tano: amefariki, amebaki hana fahamu, ana ulemavu mkubwa, ana ulemavu wa kati, amepona vizuri. Baadae ngazi tatu za juu zikagawanywa mbili mbili zikawa jumla nane, na hiyo ndo inatumika sana duniani sasa, wanaita GOSE.

Uzuri wake hauhitaji mashine. Ni mazungumzo, anaulizwa mgonjwa na anaulizwa mtu anayeishi nae. Nikuandikie kwa Kiswahili cha nyumbani. Anaweza kuachwa peke yake nyumbani masaa 8 ya mchana bila mtu wa kumwangalia? Na je siku nzima na usiku wake? Anaweza kwenda dukani mwenyewe, akapanga anunue nini, akalipa, akajua chenji? Anaweza kupanda daladala kutoka Kirumba mpaka Buhongwa bila kusindikizwa? Amerudi kwenye kazi ileile, au kwa kiasi kidogo, au hajarudi? Anatoka na marafiki kama zamani? Hasira zake zimevuruga nyumba, kila siku au mara mojamoja? Na kila swali lina mkia wake, kabla ya ajali ilikuaje? Kama zamani alikua hapiki kabisa, kutopika leo hakumhesabii hasara. Tunamlinganisha na yeye mwenyewe.

Sasa angalia. Kwa uliyoandika, mtu anayeweza kubaki peke yake hayo masaa 8 ya mchana ila hawezi kuachwa siku nzima na usiku kwa sababu ya moto, yuko ngazi ya 4 kati ya 8, bado ndani ya ulemavu mkubwa. Sijamuona kwaiyo simpi namba, namba ampe anayemuona. Nataka tu uone kwamba mtu yuleyule, siku ileile, anaweza kuwa 15 kati ya 15 huku na 4 kati ya 8 huku, na zote mbili ni kweli.

Kwa kawaida tunakipima miezi 3, 6 na 12. Ule wa 6 una historia yake. Kuna utafiti mkubwa unaitwa CRASH, wagonjwa 10,008 wa kuumia kichwa, nusu walipewa dawa jamii ya steroidi ambazo kwa miaka mingi madaktari walikua wanaziamini zinapunguza uvimbe wa ubongo. Walipofuatilia mpaka miezi 6 na kuwapanga kwa zile ngazi za Jennett, waliopewa dawa walikufa zaidi, asilimia 25.7 dhidi ya 22.3. Majibu ya miezi 6 yalitoka 2005 na dawa hizo zikaachwa kwa wagonjwa wa aina hii. Vifo kuzidi kulishaonekana kwenye wiki mbili za kwanza, na ufuatiliaji wa miezi 6 ukathibitisha.

Alichosema Fundi kuhusu siku ya rozari ni kipimo kamili. Tunahesabu siku kutoka ajali hadi siku ambayo kumbukumbu zinaanza kushikana mfululizo, sio siku aliyofumbua macho. Zikizidi 7 ni jeraha zito sana. Kuna fomu ya maswali ya kumbukumbu ya tangu 1979 ina alama 100, mgonjwa akifika 75 na kubaki hapo tunajua ukungu umeanza kutoka. Hebu muulize mdogo wako, kwa upole na mkiwa wawili tu, kitu cha kwanza anachokumbuka baada ya ajali ni nini.

Sasa daftari. GOSE ina ngazi kubwa kubwa, mtu anaweza kukaa ngazi moja miezi minne huku ndani anasogea na nyie hamuoni mkakata tamaa. Kwaiyo chagua vitu viwili au vitatu vya kweli alivyokua anavifanya, mimi ningechukua chai na chenji. Kila baada ya wiki mbili, siku ileile, saa ileile, akiwa amelala vizuri, unamwambia naomba unitengenezee chai ya watu wawili, halafu unakaa kimya. Unahesabu umemkumbusha mara ngapi na imechukua dakika ngapi. Hapo kwenye kukaa kimya ndipo ndugu wengi wanashindwa, mgonjwa akisimama tu na kibiriti mkononi dada anaruka, weka sukari! Hesabu 20 moyoni kwanza. Mara nyingi anaanza mwenyewe ukifika 14 au 15, na ungemsaidia mapema usingejua. Ila moto ukiwa hatarini unazima, hilo halina kusubiri. Kwenye chenji badilisha namba kila mara, ukirudia elfu 20 kwa sado 3 atakariri jibu na wewe utafurahi bure.

La mwisho, kabla hujaandika lako muulize yeye, unadhani nitakukumbusha mara ngapi? Andika jibu lake pembeni, halafu andika zilivyokua kweli. Tofauti ya hizo namba mbili ni kipimo cha peke yake, inaonyesha anajijua kiasi gani. Mimi nikiona tofauti inapungua nafurahi kuliko hata chai yenyewe.

Mama_Sengerema

Nimesoma mpaka nimekumbuka yangu. Mume wangu aliumia enzi zile tunavuka kivuko cha Busisi, daraja halipo, gari la wagonjwa likasubiri foleni ya kivuko na mimi nimemshika kichwa. Alipotoka kwenye koma wiki ya pili akageuka mtu mwingine kabisa, anatukana, anavua nguo, anang'oa mipira ya mkojo, wakamfunga mikono kwa bandeji kitandani. Upande wa kwao wakasema haya sio ya hospitali tumtoe tumpeleke kwa mtaalamu wa kienyeji.

Daktari mmoja kijana, Mungu ambariki popote alipo, akanivuta pembeni akanichorea ngazi kwenye karatasi ya nyuma ya boksi la glavu. Akasema huko California kuna hospitali ya Rancho Los Amigos walizipanga hatua za ubongo unavyoamka, na hii ya fujo na kuchanganyikiwa ni ya nne, juu yake bado zipo, wiki iliyopita alikua ya pili haitikii vizuri hata akiguswa, leo anatukana, mama huyu anapanda. Lile boksi nililikunja nikaliweka kwenye kanga nikawa nawaonyesha shemeji zangu mmoja mmoja. Hawakumtoa.

Kwaiyo dada kipimo sio cha madaktari tu, mimi kilinisaidia kuzuia watu wasimuharibu mume wangu. Leo analima, anasahau mambo ila analima. Na wewe jipime pia, unalala masaa mangapi?

Dada_wa_Mwaloni

Jamani sijui niwashukuru vipi, nimesoma nikamsomea na mama, sehemu ya boksi la glavu mama kanyamaza muda mrefu.

Nilimuuliza mdogo wangu anachokumbuka cha kwanza. Anasema ni siku ya kutoka, tunashuka ile ngazi na jua linamuumiza macho. Kumbe zile siku zote alizokua ananijibu wodini hayupo! Hata vigelegele vya mama havikumbuki, na vilikua dakika chache kabla.

Chai ya kwanza nimefanya Jumamosi. Alisema nitamkumbusha mara 0. Nilimkumbusha mara 9, dakika 26, na alisahau majani kabisa. Ila nilipojizuia nikahesabu kama mlivyosema, kwenye kuwasha jiko alianza mwenyewe nikiwa kwenye 17. Nisingejua.

Maswali mawili. Anataka kununua pikipiki na hela aliyokua ameweka, anasema boda inalipa. Na pili nimuache arudi Mwaloni au akae nyumbani mpaka apone? Fundi nimeona ulichosema kuhusu makelele.

Nesi_zamu_ya_usiku

Pikipiki hapana dada, hapo usione aibu kumkatalia hata akikasirika. Aliyeumia kwa kiwango chake na kufanyiwa opresheni anaweza kupata kifafa miezi au hata miaka baadae, na ukiacha hilo barabara inataka kuona, kuamua na kujizuia kwa wakati mmoja, ndo palepale palipoumia. Aamue daktari baada ya kumpima. Kama alipewa dawa za kuzuia degedege asiziache mwenyewe kwa kuona yuko vizuri, na pombe aiache kabisa.

Tiba_kazi_Nyegezi

Arudi Mwaloni ila arudi na kipande cha kazi. Mpe kujaza sado, asubuhi, masaa mawili, halafu aondoke kabla hajachoka, sio baada ya kuchoka. Hela ushike wewe. Andika saa aliyoanza kuchoka, utaiona kwenye uso kabla hajasema. Kukaa nyumbani akisubiri apone kwanza ndo arudi hua kunawachelewesha wengi, maana ubongo unajifunza upya kwa kufanya kitu chenyewe. Miezi 6 ya kwanza hua na kasi kubwa, ila nimeona watu wanaongeza kitu kipya hata baada ya miaka miwili, kwaiyo asije mtu akakwambia muda umeisha.

Mzee_wa_Makoroboi

Naongeza dogo tu binti yangu. Tunza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, karatasi ya ruhusa, picha za sitiskani na hilo daftari, toa kopi ukae nazo sehemu mbili. Nimefanya kazi ya madai ya bima kwa muda mrefu, nimeona familia inasaini kumaliza madai mwezi wa pili kwa sababu karatasi inasema mgonjwa yuko vizuri, halafu ndo wanagundua hawezi kurudi kazini. Usisaini chochote kabla ya kupata ripoti ya daktari inayoeleza anaweza kufanya nini na hawezi nini, na kama unaweza muone mwanasheria kwanza.

Dada_wa_Mwaloni

Wakuu nimerudi, ni wiki ya saba tangu niandike hapa.

Kliniki ya miezi sita tulienda na daftari. Daktari alikua ameshaanza kuuliza jina lako nani, nikamuomba kwa adabu nimuonyeshe. Akasoma ukurasa wa kwanza amesimama, wa pili akavuta kiti. Akamuuliza mdogo wangu yale maswali ya dukani na daladala, moja moja, akaniuliza na mimi, na safari hii kwenye faili hakuandika anaendelea vizuri peke yake, ameandika GOSE 4 na chini yake rufaa ya tiba kazi na mtu wa saikolojia. Niliumia kuiona ile 4 kwa maandishi, sitaki kudanganya. Ila nimetoka pale nimeshika kitu.

Chai ilikua 9, ikaja 8, ikarudi 9 (wiki hiyo alikua na malaria, nimeandika pembeni), ikawa 5. Dakika kutoka 26 mpaka 15. Ubashiri wake yeye ulikua 0, 0, 0, na mara ya mwisho akasema labda mara 3.

Mwaloni anakuja saa 12 asubuhi anajaza sado mpaka saa 2. Nilikua nadhani mikono tu inafanya kazi, ila juzi mteja mmoja alilalamika sado haijajaa vizuri, mdogo wangu akaishika akaitikisa dagaa wakalala, akaongeza kiganja kimoja akasawazisha juu kwa mkono, akamwambia mama ongeza na hiki cha kwako. Hivyo ndo alivyokua anafanya zamani, sikumfundisha mimi. Yale maneno ni yake.

Mjomba sasa ndo anamsindikiza asubuhi.

Jana tukiwa tunapandisha kwenda nyumbani nimemuuliza unajisikiaje, nikawa nasubiri lile jibu. Akanyamaza hatua kama kumi hivi, mi nahesabu moyoni, nimefika 19 akasema, pakiwa kimya niko sawa, pakiwa na kelele siko sawa. Nimeandika na tarehe. Jumamosi ni chai tena, Tiba kazi nitakuletea namba.